Chuma Kimoja, Walaji Wawili

Mwezi Agosti 2003, kazi ya kuwagawia watoto wa Pemba vidonge vya madini ya chuma, iliyokuwa sehemu ya utafiti, ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Vidonge havikuwa vibovu, na wagawaji hawakuzembea. Kamati huru iliyokuwa ikizipitia takwimu za utafiti ule iligundua jambo lisilotarajiwa: watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa wakilazwa hospitali na kufariki kwa wingi kuliko wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake.

Utafiti haukuwa mdogo. Ulihusu watoto 24,076 wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 35, na ulisimamiwa na Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na Wizara ya Afya ya Zanzibar na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake. Dozi yenyewe haikuwa ya kutisha: miligramu 12.5 za chuma kwa siku, na nusu yake kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Januari 2006. Waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa kwa maradhi mazito. Toleo hilohilo lilikuwa na utafiti pacha uliofanywa Nepal, katika eneo lisilo na malaria nyingi. Huko chuma hakikuongeza vifo wala hakikuvipunguza.

Habari hiyo iliwachanganya wengi, na si ajabu. Pemba ilikuwa na sababu nzuri za kutaka chuma. Katika miaka ya 1990, wachunguzi waliowapima wanafunzi wa shule za kisiwa hicho walikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa damu, na mkosaji mkubwa alikuwa mnyoo wa safura, anayejishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya damu siku hadi siku. Mwaka 2001 utafiti mwingine wa Zanzibar ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma waliendelea vizuri zaidi katika kutembea na kusema. Kwa hiyo kidonge kilikuwa na faida, na faida hiyo ilikuwa imepimwa. Kilichosahaulika ni kwamba ndani ya mwili wa mtoto chuma hakiliwi na mtoto peke yake.

Karibu kila kiumbe hai kinahitaji chuma. Binadamu mzima ana gramu 3 hadi 4 mwilini mwake, nyingi zikiwa ndani ya chembe nyekundu za damu, ambako hubeba oksijeni. Bakteria naye anakihitaji ili apumue, atengeneze jeni mpya na azaane. Bakteria mmoja wa aina ya E. coli, yule anayeishi matumboni mwetu sote, hubeba atomi za chuma zipatazo laki kadhaa hadi milioni moja. Kabla hajagawanyika kuwa wawili, lazima apate idadi nyingine kama hiyo. Na akiwa na chakula cha kutosha na joto zuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi.

Sasa, chuma kimejaa duniani. Anayepita Jadida, katika mji wa Wete, hukiona kwenye mabati, kwenye mageti, kwenye minyororo ya baiskeli iliyoshikwa kutu kwa upepo wa bahari. Ni cha nne kwa wingi miongoni mwa elementi za gamba la dunia. Tatizo la bakteria ni hiyo kutu. Mahali penye hewa, chuma hukutana na oksijeni, kikapoteza elektroni tatu, kikageuka kitu kigumu kisichotaka kuyeyuka majini, na kisichoyeyuka hakiwezi kunywewa na kiumbe asiye na mdomo. Wanakemia wamepiga hesabu: katika maji ya kawaida yenye hewa, lita nzima ina ioni huru za chuma zipatazo laki sita tu. Lita moja ya maji, kwa maneno mengine, haimtoshelezi kwa uhakika hata bakteria mmoja.

Ndani ya damu ya mtu hali ni mbaya zaidi kwake. Protini iitwayo transferini huzunguka ikikamata kila ioni ya chuma inayokutana nayo, na kwa kawaida karibu theluthi moja tu ya nafasi zake huwa zimejaa, zilizobaki zinangoja. Ukipiga hesabu ileile, lita ya maji ya damu haina hata ioni moja iliyo huru. Kwenye maziwa ya mama, kwenye machozi na kwenye mate kuna binamu yake, laktoferini, anayefanya kazi hiyohiyo. Hata yai limejikinga. Mwaka 1944 Arthur Schade na Leona Caroline waliona kwamba ute mweupe wa yai bichi la kuku unawazuia bakteria kukua, na kwamba kizuizi hicho huondoka mara tu ukiongezewa chuma. Miaka miwili baadaye waliikuta protini yenye tabia hiyo katika damu ya binadamu. Hiyo ndiyo transferini.

Mwili ukihisi uvamizi, hukaza zaidi. Ini humwaga homoni iitwayo hepsidini, iliyogunduliwa mwanzoni mwa karne hii, na homoni hiyo hufunga milango ambayo chuma hupitia kutoka utumboni na kutoka kwenye akiba. Kiwango cha chuma katika damu hushuka ndani ya saa chache. Mgonjwa wa muda mrefu huonekana ana upungufu wa damu, na mara nyingine ni kweli anao, ila sehemu yake ni mwili wenyewe ulioficha chuma kwa makusudi. Katika karne ya 19, kabla ya yeyote kuijua transferini wala hepsidini, daktari Mfaransa Armand Trousseau aliwaonya wanafunzi wake wasiwape dawa za chuma watu wenye kifua kikuu, kwa kuwa alikuwa ameona ugonjwa uliotulia ukiamka upya. Alikuwa na macho tu na wagonjwa wengi, vilimtosha.

Bakteria hakukaa mikono mitupu. Silaha yake kuu huitwa siderofori, molekuli ndogo anayoitengeneza ndani na kuitupa nje ikatafute chuma. Zinajulikana mamia ya aina. Iliyochunguzwa sana ni enterobaktini ya E. coli, iliyoelezwa mwaka 1970 na makundi mawili ya watafiti kwa wakati mmoja, moja Marekani na jingine Australia. Ina mikono mitatu. Kila mkono una atomi mbili za oksijeni, na zote sita huizunguka ioni ya chuma na kuibana. Katika vitu vyote vya asili vilivyowahi kupimwa, hiki ni miongoni mwa vinavyokishika chuma kwa nguvu kubwa zaidi, kiasi cha kuweza kukipokonya kwa transferini yenyewe.

Kupata chuma nje ni nusu ya kazi. Enterobaktini iliyobeba mzigo ni kubwa mno kupita kwenye matundu ya kawaida ya utando wa nje wa bakteria, kwa hiyo ina mlango wake maalumu, protini yenye umbo la pipa iliyozibwa katikati kwa kizibo. Kuufungua mlango huo kunahitaji nguvu, na utando wa nje hauna chanzo chochote cha nguvu. Bakteria ametatua jambo hilo kwa namna ambayo wachunguzi wa protini hawaachi kuisimulia: protini iitwayo TonB imejishikiza kwenye utando wa ndani, ambako nguvu ipo, ikajinyoosha kuvuka nafasi iliyo katikati ya tando mbili hadi ikagusa kizibo na kukivuta. Mzigo ukishaingia, protini nyingine huupokea na kuuvusha utando wa pili kwa kuchoma nishati ya seli.

Kisha kuna gharama. Enterobaktini imekishika chuma kwa nguvu kiasi kwamba hakitoki kirahisi. Inabidi kimeng'enya kiikate vipandevipande. Bakteria yuko katika hali ya mvuvi ambaye kila akiopoa dema lazima alivunje ndipo amtoe samaki, kisha asuke jipya kwa safari ya pili. Hakuna kiumbe mwenye njaa atakayekubali hasara hiyo ila awe hana budi, na ndiyo maana mfumo wote una swichi. Protini iitwayo Fur hupima chuma kilichomo ndani ya seli. Kikitosha, Fur hukibeba na kukaa juu ya jeni za siderofori, nazo hunyamaza. Kikipungua, Fur huachia, na kazi ya kusuka huanza tena. Tahadhari hiyo ina sababu ya pili: chuma kingi kilicho huru ndani ya seli huchokoza oksijeni na kuzaa kemikali kali zinazochana jeni. Njaa humuua bakteria na shibe humuua pia.

Binadamu naye ana jibu. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba lipokalini-2, protini inayomwagwa na chembe nyeupe za damu, ina kishimo kinachoikaa enterobaktini barabara. Inaiteka njiani, pamoja na mzigo wake, isirudi nyumbani. Panya walionyimwa protini hiyo kimaabara hufa kwa maambukizi ya E. coli ambayo wenzao huyastahimili.

Salmonella amelijibu jibu hilo. Huchukua enterobaktini na kuibandika molekuli za sukari. Ikishavishwa sukari inakuwa pana, haiingii tena katika kishimo cha lipokalini-2, na mlango wake kwa upande wa bakteria umerekebishwa uipokee. Wanaofanya hivyo ni pamoja na Salmonella Typhi, bakteria wa homa ya matumbo. Kwa Pemba hili si jambo la vitabuni. Wachunguzi walipootesha damu za wagonjwa wa homa katika hospitali za kisiwani kuanzia mwaka 2009, bakteria aliyeongoza kwa mbali miongoni mwa waliopatikana kwenye damu alikuwa huyo, akifuatiwa na yule wa nimonia. Tena anachagua pa kujificha: huishi ndani ya chembe nyeupe kubwa zinazomeza chembe nyekundu zilizozeeka, mahali ambapo hepsidini hukifungia chuma. Chembe hizo nazo zina pampu ya kukihamisha chuma kutoka kwenye kijichumba alichomo mgeni, na mivutano ya namna hii haina mshindi wa kudumu.

Turudi kwenye vidonge. Itakuwa kosa kumbebesha bakteria lawama yote ya mwaka 2003. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria kali, na malaria ndiyo iliyotajwa kwanza miongoni mwa maradhi yaliyowalaza watoto waliopewa chuma. Lakini malaria na bakteria hutembea pamoja. Vimelea vya malaria hupasua chembe nyekundu, chuma chake humwagika, na chembe nyeupe zenye kazi ya kusafisha huzidiwa na kupoteza uwezo wa kuwaua bakteria waliomezwa. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, ulitolewa ushahidi mzuri mwaka 2011. Watoto waliorithi jeni moja tu ya selimundu, ambao huwa na kinga dhidi ya malaria kali, walionekana kupata maambukizi machache ya bakteria katika damu. Na malaria ilipopungua wilayani, kinga hiyo nayo ilififia pamoja na maambukizi yenyewe. Malaria ilikuwa ikiwafungulia bakteria mlango.

Kuna jambo jingine ndani ya utafiti wa Pemba ambalo magazeti mengi yalilipita. Kundi dogo la watoto lilipimwa damu kwa undani na kufuatiliwa kwa karibu zaidi, malaria yao ikitibiwa mapema. Miongoni mwao, waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walifaidika na vidonge; walipata matatizo machache kuliko wasiopewa. Kidonge kilekile, kisiwa kilekile. Aliyekuwa na njaa ya chuma alikifyonza na kukitumia, na kwa aliyekuwa nacho cha kutosha, kilichozidi kilibaki kikitafuta mwenyewe.

Sehemu kubwa ya ziada hiyo haiingii hata kwenye damu. Mtoto hufyonza sehemu ndogo tu ya chuma kilichomo katika kidonge au uji, na kilichobaki huteremka hadi utumbo mpana, penye umati wa bakteria na oksijeni haba. Huko chuma hubaki katika hali yake inayoyeyuka, na bakteria hawahitaji siderofori. Wana mlango mwingine wa moja kwa moja. Mwaka 2015 watafiti kutoka Uswisi na Kenya walichapisha matokeo ya watoto 115 wa pwani ya kusini ya Kenya waliokula uji wa mahindi kwa miezi minne tangu wafikishe miezi sita, wengine wakitiliwa unga wa virutubisho wenye chuma, wengine usio na chuma. Kwa waliotiliwa chuma, jamii ya E. coli iliongezeka, wakiwemo wa aina zinazoleta maradhi. Bifidobakteria, wale wema wa matumbo ya watoto wanyonyao, walipungua. Na dalili za uvimbe wa utumbo zilipanda.

Kwa nini chuma kiwasaidie wabaya na si wema? Kwa sababu wema wengi hawakihitaji sana. Bakteria wanaogandisha maziwa kuwa mtindi wamejifunza kuishi karibu bila chuma kabisa, wakitumia manganisi mahali ambapo wengine hutumia chuma. Ndiyo maana wanastawi katika maziwa, yaliyojaa laktoferini au yenye chuma haba, ambamo wageni hufa njaa. Kwa mtoto anayenyonya, chuma hicho kidogo cha maziwa ya mama kina kazi: kinawachagua wapangaji wa utumbo wake.

Hadithi ya chuma imewavutia wataalamu zaidi kwa kuwa ndiyo iliyoanza kueleweka, ila madini mengine nayo yanagombewa hivyohivyo. Chembe nyeupe zikimiminika penye usaha hutoa protini inayokamata zinki na manganisi, na bakteria hujibu kwa pampu zenye uchu wa zinki. Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, anataka nikeli. Bila nikeli kimeng'enya chake cha kupunguza makali ya asidi hakifanyi kazi, na tumbo litamuua. Borrelia wa ugonjwa wa Lyme, ndugu wa wale wanaoleta homa ya papasi, ameamua kuacha chuma moja kwa moja na kutumia manganisi. Mwili ukimfichia chuma, unamfichia kitu asichokitaka.

Shaba iko kinyume. Bakteria anahitaji chembe yake ndogo, lakini ikizidi kidogo ni sumu, na chembe nyeupe huitumia hivyo: badala ya kumnyima bakteria aliyemezwa, humwagia. Wazee wa pwani walioweka maji katika vyombo vya shaba hawakuwa na nadharia yoyote ya ioni, lakini majaribio ya maabara yameonyesha kwamba maji yakilala katika chombo cha shaba, bakteria wengi wa kuhara hufa. Chombo chenyewe kikipakwa bati ndani, kama sufuria nyingi za shaba za kupikia, faida hiyo haipo.

Njaa ya chuma imegeuzwa pia kuwa dawa. Bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces hutengeneza siderofori ambayo tangu miaka ya 1960 inatumika hospitalini kwa jina la deferoksamini, kuwatoa chuma wagonjwa wa damu waliokusanya kingi mno kwa kuongezewa damu mara kwa mara. Ina kasoro moja yenye mafunzo: bakteria aitwaye Yersinia hajui kuitengeneza ila anajua kuiba, na baadhi ya wagonjwa waliotumia dawa hiyo walishambuliwa naye. Novemba 2019 Marekani iliidhinisha sefiderokoli, antibayotiki iliyotengenezwa na kampuni ya Shionogi ya Japani. Molekuli yake imefungwa kipande kinachokishika chuma kama siderofori. Bakteria sugu, ambaye amekwisha kufunga matundu yote ya kupitishia dawa, humfungulia mgeni huyu mlango kwa mikono yake, TonB ikivuta kizibo kama kawaida. Mlango huo hauwezi kufungwa kabisa bila bakteria kulala njaa, ingawa tayari wameonekana wanaojaribu kuubadilisha.

Pemba ya leo si ile ya 2003. Kuanzia miaka iliyofuata, dawa mseto za malaria, vyandarua na upuliziaji majumbani viliishusha malaria ya Zanzibar hadi chini ya mtu mmoja kwa kila mia wanaopimwa. Shirika la Afya Duniani nalo halikuviondoa vidonge. Mwongozo wake unataka, katika maeneo yenye malaria, chuma kitolewe sambamba na hatua za kuizuia, kuipima na kuitibu. Kwa upande wa utumbo, watafiti walewale wa pwani ya Kenya walirudi na uji wenye chuma uliochanganywa na sukari za aina ambayo mtoto haimeng'enyi lakini bifidobakteria huipenda. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba sukari hizo zilipunguza sehemu kubwa ya madhara ya chuma kwa utumbo. Homa ya matumbo, hata hivyo, haihitaji mbu. Inapita kwenye maji na mikono, na bakteria wake anaingia mwilini akiwa na enterobaktini yake tayari imevishwa sukari.